Nani Mmiliki wa Lugha ya Kihariri? Sifa na Leseni za Programu ya vi, 1976–2002

IKISIRI

Makala haya yanachunguza programu ya vi, mojawapo ya vihariri vya mwanzo vilivyomwezesha mwandishi kuiona matini yake kwenye skrini nzima. Yanaeleza mazingira yaliyoizaa, muundo wa amri zake, na masharti ya leseni yaliyoizuia isisambazwe kwa uhuru kwa zaidi ya miaka 20. Hoja kuu ni kwamba lugha ya amri ya kihariri hicho na matini ya programu yake vilikuwa vitu viwili tofauti: matini ilikuwa na mwenyewe kisheria, lakini lugha ilibaki mali ya watumiaji. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini programu ya asili ilififia ilhali lugha yake ingali hai.

1.0 Utangulizi

Wanahistoria wa maandishi wamezoea kushughulikia waandishi, wasomaji na wachapaji. Vyombo vya kuandikia huachiwa mafundi. Desturi hiyo haikuwa na madhara makubwa wakati chombo kilipokuwa kalamu, kwa kuwa kalamu haina maoni kuhusu neno ni nini wala sentensi inaishia wapi. Kompyuta ilibadili hali hiyo. Programu ya kuandikia hubeba ndani yake maamuzi ya kiisimu yaliyofanywa na mtungaji wake, na ikiwa matini ya programu hiyo imefungiwa, mtumiaji hana njia ya kuyahoji wala kuyarekebisha maamuzi hayo.

Katika makala haya, kihariri ni programu ya kuandika, kufuta, kuhamisha na kutafuta maneno katika matini ghafi, bila kujishughulisha na mapambo ya uchapaji. Matini ya programu ni maandishi yenyewe ya programu kama yalivyotungwa na mtaalamu, kabla ya kugeuzwa kuwa namba zinazofuatwa na mashine. Anayeuziwa namba pekee anaweza kuitumia programu. Anayepewa matini anaweza pia kuisoma na kuibadili. Ama jina la vi, ni herufi mbili za mwanzo za neno la Kiingereza lenye maana ya kuonekana kwa macho, na halina uhusiano wowote na kiambishi cha ngeli cha Kiswahili.

2.0 Kutoka Mstari hadi Skrini

Mwishoni mwa miaka ya 1960, mtumiaji wa kompyuta aliwasiliana nayo kwa mashine iliyopiga herufi kwenye karatasi. Kihariri kilichoitwa ed, kilichotungwa na Ken Thompson katika maabara za Bell nchini Marekani kwa ajili ya mfumo wa Unix, kilibuniwa kwa mazingira hayo. Mwandishi hakuiona matini yake. Alitaja namba ya mstari, akatoa amri, na iwapo alitaka kuhakikisha, aliomba mstari huo uchapwe upya. Ilikuwa sawa na kumwelekeza karani aliye katika chumba cha pili: kila sahihisho lilipaswa kutamkwa kikamilifu, na matokeo yake kukisiwa.

Skrini zilipoanza kuenea, George Coulouris wa Chuo cha Queen Mary, London, alikirekebisha kihariri cha ed akapata kingine alichokiita em, ambacho kilimruhusu mwandishi kusahihisha mstari mmoja huku akiuona. Mwaka 1976 Coulouris alizuru Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako Bill Joy, aliyekuwa mwanafunzi wa shahada ya juu, alikiona kihariri hicho na kuchukua nakala yake. Joy na mwenzake Chuck Haley walikiendeleza wakapata ex. Kisha Joy akaongeza namna mpya ya kufanya kazi iliyojaza matini katika skrini yote. Programu ya ex iliingizwa katika mkusanyo wa kwanza wa programu za Berkeley mwezi Machi 1978. Katika mkusanyo wa pili wa Mei 1979, namna ile ya skrini ilipewa jina lake yenyewe, nalo ni vi.

Ukoo huu una umuhimu wa pekee kwa hoja ya makala haya. Kihariri cha vi kilizaliwa na ex, ex ikazaliwa na em, na em ikazaliwa na ed. Katika kila hatua mtungaji hakuanza upya. Alichukua matini iliyokuwapo na kuiongezea. Hivyo sehemu za matini ya ed, ambayo ilikuwa mali ya kampuni ya AT&T iliyomiliki maabara za Bell, ziliendelea kukaa ndani ya vi.

Sifa nyingi za vi zinazomshangaza mtumiaji wa leo zilitokana na ufinyu wa vifaa. Joy alieleza baadaye kwamba sehemu ya kazi hiyo aliifanya kwa modemu iliyopitisha biti 300 kwa sekunde, yaani takribani herufi 30. Skrini yenye mistari 24 ya herufi 80 ina nafasi 1,920; kuijaza yote kwa kasi hiyo kulihitaji zaidi ya dakika moja. Ilibidi kila amri iwe fupi, na skrini ibadilishwe pale tu palipobadilika. Aidha, skrini aliyoitumia, ADM-3A, haikuwa na vibonye vya pekee vya mishale. Mishale ilichorwa juu ya vibonye vya herufi h, j, k na l, na ndiyo maana mpaka leo herufi hizo humpeleka mtumiaji kushoto, chini, juu na kulia. Skrini za wakati huo zilikuwa za aina nyingi zisizosikilizana, kwa hiyo Joy alitenga maelezo ya tabia za kila aina katika faili moja, nje ya programu. Skrini mpya ilipotokea, yalitosha kuandikwa maelezo yake; programu haikuguswa.

3.0 Sarufi ya Amri

Kihariri cha vi kina hali kuu mbili. Katika hali ya kuingiza, herufi inayobonyezwa huandikwa katika matini. Katika hali ya amri, herufi hiyohiyo huwa agizo. Kwa mgeni mpangilio huu ni usumbufu, kwa kuwa akisahau hali aliyomo huweza kufuta alipodhani anaandika. Lakini ndio uliowezesha amri kufupishwa kiasi cha kutosheka na herufi moja moja.

Muhimu zaidi ni namna herufi hizo zinavyoungana. Baadhi yake ni vitenzi: d hufuta, c hubadili, na y hunakili. Nyingine hutaja kipande cha matini kinachotendwa: w ni neno, alama ya mabano ya kufunga ni sentensi, na mabano ya mawimbi ya kufunga ni aya. Kitenzi na yambwa vikiungana hutoa amri kamili. Hivyo dw hufuta neno, cw hubadili neno, na d3w hufuta maneno matatu. Nukta hurudia badiliko la mwisho popote mwandishi alipo. Mtu aliyejifunza vitenzi vitano na yambwa kumi hahitaji kukariri amri hamsini, anazitunga mwenyewe. Kwa maana hiyo, si kosa kusema kwamba vi ina sarufi: vipashio vichache, kanuni za kuviunganisha, na uwezo wa kutoa tungo ambazo mtumiaji hakuwahi kufundishwa moja moja.

Pamoja na hayo, sarufi hiyo ilibeba dhana za lugha moja. Neno, kwa mujibu wa amri ya w, ni mfululizo wa herufi, tarakimu au alama ya mstari wa chini; alama nyingine zote huvunja neno. Mwandishi wa Kiswahili anayeweka kielekezi mwanzoni mwa neno ng'ombe na kutoa amri ya dw atafuta ng peke yake. Kwa kihariri hicho, ng'ombe ni maneno matatu: ng, king'ong'o kilichosimama peke yake kama neno, na ombe. Mwandishi anaweza kuikwepa hitilafu hiyo kwa kutumia W kubwa, ambayo huhesabu kila kilichomo kati ya nafasi mbili kuwa neno moja, lakini hapo hujikuta akifuta pia mkato au nukta iliyofuata. Vivyo hivyo, sentensi ilitambuliwa kwa nukta, alama ya kuuliza au ya mshangao inayofuatwa na nafasi mbili au mwisho wa mstari, kwa kufuata desturi ya wapiga taipu wa Marekani. Mwandishi aliyeacha nafasi moja tu aliambiwa, kimyakimya, kwamba aya yake yote ni sentensi moja.

Maamuzi haya hayakufanywa kwa nia ya kumbagua yeyote. Yalikuwa maamuzi ya mtu aliyeandika programu na barua kwa Kiingereza, naye alikuwa na haki ya kuyafanya. Suala ni kama mtumiaji wa lugha nyingine alikuwa na njia ya kuyabadili, na hilo linategemea leseni.

4.0 Matini Yenye Mwenyewe

Uhusiano wa kampuni ya AT&T na kompyuta ulitawaliwa na makubaliano ya kimahakama ya mwaka 1956 yaliyoizuia kufanya biashara nje ya huduma za mawasiliano. Kwa kuwa haikuweza kuiuza Unix kama bidhaa ya kawaida, iliwapa wanavyuo leseni pamoja na matini yote ya mfumo kwa ada ndogo. Ukarimu huo ndio uliomwezesha Coulouris huko London na Joy huko Berkeley kuisoma ed na kuijenga upya. Hata hivyo, leseni ilikuwa na sharti: matini ni siri ya kampuni, na haiwezi kupewa mtu asiye na leseni kama hiyo.

Sharti hilo lilirithiwa na vi. Berkeley ilikuwa tayari kumpa mtu yeyote kazi ya wanafunzi wake, lakini kwa vile ndani ya kazi hiyo mlikuwa na matini ya AT&T, aliyetaka vi alipaswa kwanza kuonyesha leseni ya Unix. Mwanzoni hilo halikuonekana kuwa kikwazo, kwani wapokeaji wote walikuwa vyuo vyenye leseni. Mambo yalibadilika hatua kwa hatua. Leseni ya Toleo la Saba la Unix, la mwaka 1979, ilikataza matini kufundishwa darasani. Mwaka 1984 AT&T iligawanywa, kizuizi cha kibiashara kikaondolewa, na Unix ikawa bidhaa. Kihariri kilichokuwa kimeenea kwa moyo wa kubadilishana kazi kikawa sehemu ya mfumo unaouzwa.

Hapa ndipo inapobidi kutofautisha mambo mawili. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976, iliyorekebishwa mwaka 1980 ili itaje programu za kompyuta waziwazi, hulinda usemi wa mtunzi lakini hailindi wazo, utaratibu wala njia ya kutenda. Kwa msomaji wa fasihi ya Kiswahili tofauti hii si ngeni. Utenzi fulani ni wa mtunzi wake, na anayeunakili na kuujipachika jina hulaumiwa. Lakini bahari ya utenzi, pamoja na mizani na vina vyake, haina mwenyewe, na kila mtunzi hujichotea. Matini ya vi ilikuwa kama utenzi; lugha yake ya amri ilikuwa kama bahari. AT&T iliweza kumzuia mtu asiinakili matini. Haikuwa na njia ya kumzuia asitunge programu nyingine ambayo ndani yake dw hufuta neno.

Wakati huo mpaka huo haukuwa wazi kabisa mahakamani. Katika kesi ya kampuni ya Lotus dhidi ya Borland, iliyohusu orodha ya amri za programu ya hesabu, mahakama ya rufani iliamua mwaka 1995 kwamba orodha hiyo ni njia ya kutenda na haiwezi kuhodhiwa. Mwaka 1996 majaji wa Mahakama Kuu ya Marekani waligawanyika sawasawa, na uamuzi wa rufani ukabaki ulivyo. Lakini kufikia wakati huo waandishi wa programu walikuwa wamekwisha kuamua kwa vitendo.

5.0 Kuitunga Upya

Mwaka 1987 Tim Thompson alitoa Stevie, programu iliyoiga vi kwa ajili ya kompyuta ndogo ya Atari ST. Mwaka huohuo Andrew Tanenbaum wa Chuo Kikuu Huria cha Amsterdam alitoa Minix, mfumo mdogo unaofanana na Unix alioutunga mwenyewe ili wanafunzi wapate matini halali ya kusoma, baada ya ile ya AT&T kufungwa. Watumiaji wa Minix hawakuwa na vi. Mwaka 1990 Steve Kirkendall aliwapatia Elvis, nayo ikaenea hadi katika mikusanyo ya mwanzo ya Linux.

Berkeley yenyewe iliamua kujinasua. Matoleo yake ya 1989 na 1991 yalikusudiwa kuwa huru na matini ya AT&T. Mwaka 1992 kampuni tanzu ya AT&T ilifungua mashtaka, na suluhu ilipatikana mwaka 1994: kati ya mafaili takribani 18,000, matatu tu yaliondolewa, na mengine machache yakarekebishwa au kutiwa tangazo la hakimiliki. Lakini vi haikuweza kuokolewa kwa kuondoa mafaili machache, kwa kuwa damu ya ed ilikuwa imeenea mwili mzima. Keith Bostic alitunga nvi kwa kuanzia kwenye Elvis, akijitahidi iige vi hata katika kasoro zake, ili mtumiaji wa zamani asitambue tofauti. Ni nadra katika historia ya maandishi kumkuta mtunzi akifanya bidii kubwa namna hiyo ili kazi yake isionekane kuwa mpya. Aliyekuwa akihifadhi hakuhifadhi matini, alihifadhi lugha.

Jambo la namna hiyo lilitokea pia upande wa kihariri kingine cha skrini, Emacs. Richard Stallman alipotunga GNU Emacs alitumia sehemu za matini ya James Gosling, ambaye baadaye aliiuza haki ya kazi yake kwa kampuni. Kampuni ilipodai haki hiyo, Stallman alilazimika kuzitunga upya sehemu hizo mwaka 1985. Tajiriba hiyo ni miongoni mwa mambo yaliyochangia kuzaliwa kwa leseni yake ya mwaka 1989, inayomtaka kila anayesambaza programu iliyobadilishwa atoe pia matini yake.

Hatimaye, Januari 2002, kampuni ya Caldera, iliyokuwa imerithi matoleo ya kale ya Unix, iliyaruhusu yatumiwe kwa uhuru. Matini ya asili ya vi ikawa halali kwa kila mtu, takribani miaka 23 tangu ilipopata jina. Lakini watumiaji walikuwa wamekwisha kuhama.

6.0 Leseni Yenye Ombi

Programu iliyowapokea wengi wao ni Vim ya Mholanzi Bram Moolenaar. Aliianza mwaka 1988 kwa kuibadili Stevie ili ifanye kazi katika kompyuta ya Amiga, akaitoa hadharani mwaka 1991. Mwaka 1994 Moolenaar alifanya kazi ya kujitolea kwa mwaka mmoja, kama mhandisi wa maji na usafi, katika kituo cha watoto cha Kibaale kusini mwa Uganda. Kibaale hii ni mji mdogo wa eneo la Rakai, karibu na mpaka wa Tanzania, na haipaswi kuchanganywa na wilaya yenye jina hilo magharibi mwa nchi. Rakai ni mojawapo ya maeneo yaliyoathiriwa mapema na vikali na ukimwi, na watoto wengi walikuwa wamebaki yatima.

Aliporudi Uholanzi, Moolenaar aliiunganisha programu yake na kituo hicho. Leseni ya Vim inamruhusu mtu kuitumia na kuinakili bila malipo. Anayesambaza toleo alilolibadili anawajibika kuyafanya mabadiliko hayo yapatikane. Juu ya hayo imewekwa rai: aliyeridhika na programu anaombwa awachangie watoto wa Uganda. Kwa miaka mingi rai hiyo ilionekana kila Vim ilipofunguliwa bila faili, katika kompyuta za watu ambao wengi wao hawakuwahi kulisikia jina la Kibaale. Kisheria rai si sharti. Asiyechanga hakuvunja leseni. Lakini kwa kuitia katika masharti ya matumizi, mtungaji aliigeuza leseni, ambayo kwa AT&T ilikuwa ukuta, ikawa barua. Moolenaar alifariki Agosti 2023, na kazi ya kuitunza programu ikaendelezwa na wenzake.

Uhuru wa matini umekuwa na matokeo ya kiisimu pia. Toleo 6.0 la Vim, la mwaka 2001, liliweza kuhariri maandishi ya UTF-8, hivyo hati za lugha nyingi zikaingia humo. Vi ya asili haikuwa na nafasi ila kwa herufi za msingi za Kirumi. Toleo 7.0 la mwaka 2006 liliongeza ukaguzi wa tahajia, unaoweza kujengwa kwa orodha ya maneno ya lugha yoyote. Ama ng'ombe, Vim ina orodha ya alama zinazohesabiwa kuwa sehemu ya neno, na orodha hiyo hubadilishwa na mtumiaji. Anayeandika :set iskeyword+=39, ambapo 39 ni namba ya king'ong'o katika jedwali la herufi, hupata kihariri kinachokubali kwamba ng'ombe ni neno moja. Amri ya dw haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni nani anayeamua maana ya w.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ufinyu wa vifaa uliipa vi lugha fupi yenye kanuni, na kwamba ufinyu wa leseni uliwalazimisha wengine kuitunga upya. Mambo hayo mawili hayakutengana. Lau lugha hiyo isingekuwa na kanuni zinazojifunzika, kusingekuwa na sababu ya kuiiga. Na lau matini ingekuwa huru tangu mwanzo, huenda kusingetokea haja. Gharama ya kufungwa kwa matini haikuwa kupotea kwa kihariri. Ilikuwa miaka ya kazi iliyofanywa mara ya pili, na muda ambao maamuzi ya mtu mmoja kuhusu neno na sentensi hayakuweza kuguswa na waliohitaji kuyagusa.

Kwa idara na taasisi za Kiswahili, ambazo kamusi, kumbukumbu za maandishi na tasnifu zake zote zinapitia katika programu za namna hii, suala la leseni si la mafundi peke yao. Mtafiti anayehesabu maneno kwa kompyuta hana budi kujua programu yake inahesabu nini. Ikiwa king'ong'o kinakata neno, takwimu zake za ng'ombe, ng'ambo na kung'oa zitakuwa na kasoro kabla hajaanza uchambuzi. Palipo na matini na ruhusa ya kuibadili, kasoro hiyo hurekebishwa kwa mstari mmoja. Pasipo na hayo, mtafiti hubaki kumwandikia mwenye programu na kusubiri jibu.